Dakika za daktari: kisa cha Hospitali ya Macho ya Aravind

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hadi hospitali moja ya wilaya akatolewe mtoto wa jicho. Tulifika kabla ya saa moja asubuhi, kwa kuwa tulikuwa tumeambiwa kwamba daktari wa macho huja mara moja tu kwa juma na orodha yake hujaa mapema. Waliopangiwa siku ile walikuwa wagonjwa 8, wote wazee, wamekwisha kutiwa dawa ya kupanua mboni, wameketi kwenye benchi refu na kila mmoja amebandikwa kipande cha plasta juu ya jicho linalopaswa kupasuliwa. Upasuaji wa kwanza ulianza saa tatu na nusu. Baada ya mgonjwa wa pili, daktari alitoka, akaketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa thieta akiwa na viatu vyake vya mpira na kofia ya kitambaa kichwani, akasubiri. Nesi alipopita, shangazi alimwuliza kama zamu yake imekaribia. "Vuta subira, mama," nesi alimjibu kwa upole, "vifaa bado vinatakaswa kwenye mashine ya mvuke. Tuna seti mbili tu." Hadi kufika saa tisa alasiri walikuwa wamepasuliwa watu 5. Watatu waliobaki, shangazi akiwa mmoja wao, waliombwa warudi juma lililofuata.

Njiani kurudi, na nyumbani tulipofika, kila aliyesikia habari hizo alisema jambo moja: madaktari hawatoshi. Sikuweza kubisha, kwa sababu ni kweli hawatoshi. Hata hivyo nilikuwa nimemwona kwa macho yangu yule daktari mmoja tuliyekuwa naye akiwa amekaa, na kwa hesabu yangu ya juu juu alikaa muda usiopungua nusu ya siku yake ya kazi. Tangu hapo nimekuwa nikikisoma kisa cha hospitali nyingine, iliyoko mbali na kwetu, ambayo ilijengwa yote kulizunguka swali la muda wa mtu huyo mmoja.

Hospitali ya Macho ya Aravind ilifunguliwa mwaka 1976 mjini Madurai, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ndani ya nyumba ya kupanga yenye vitanda 11. Mwanzilishi wake, Dkt. Govindappa Venkataswamy, alikuwa na umri wa miaka 58 na ndiyo kwanza amestaafu utumishi wa serikali. Ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemkunja vidole tangu ujana wake na kumlazimisha kuachana na fani ya uzazi aliyokusudia kuifuata. Akajifunza upya kushika kisu kwa vidole hivyo hivyo, akawa mpasuaji wa macho, na katika maisha yake alifanya upasuaji zaidi ya 100,000. Mstaafu asiye na mtaji hakuwa mteja wa kuvutia kwa benki, kwa hiyo familia iliweka rehani mali zake. Mdogo wake wa kike, Dkt. G. Natchiar, pamoja na mume wa Natchiar, Dkt. P. Namperumalsamy, wote wakiwa madaktari wa macho, walijiunga naye katika kazi ambayo mwanzoni haikuwa na uhakika wa mshahara.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Lenzi ya jicho, ambayo kwa kawaida ni angavu, hupata ukungu kadiri umri unavyosonga, mpaka mwanga unashindwa kupita. Hakuna tone la dawa wala mitishamba inayoweza kuusafisha ukungu huo. Tiba ni upasuaji peke yake, nao ni mfupi na hufanyika kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa akiwa macho. India ya miaka ile ilikuwa na mamilioni ya watu waliopofuka kwa sababu hii moja. Kwa mkulima wa kijijini, kupofuka kulikuwa na maana ya kuacha shamba, na mara nyingi kulikuwa na maana kwamba mtu wa pili nyumbani naye ameacha kazi au shule ili amshike mkono. Katika kisa hiki, basi, tunapozungumzia thamani anayoipata mteja, tunazungumzia mtu anayeweza kurudi shambani na mjukuu anayeweza kurudi darasani. Idadi ya vitanda, ukubwa wa jengo na wingi wa watumishi havimo katika hesabu hiyo isipokuwa kwa kadiri vinavyosaidia jambo hilo litokee.

Ili kufuata walichokifanya, ni lazima tuelewane kuhusu neno kizuizi. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya pantoni ya Kigamboni miaka ile kabla daraja halijafunguliwa hahitaji maelezo marefu. Barabara ya kwenda kivukoni ingeweza kupanuliwa iwe na njia sita, magari yangeweza kuwa mapya, madereva wangeweza kuwa hodari, na bado idadi ya watu wanaovuka kwa saa ingebaki ile ile, kwa sababu iliamuliwa na pantoni. Kila dakika ambayo pantoni imekaa bure gatini ni dakika waliyoipoteza wote waliopo kwenye foleni, wala haiwezi kurudishwa na kitu chochote kinachofanyika barabarani. Kila shirika lina pantoni yake. Mengi hayaijui, na yale yanayoijua aghalabu huendelea kupanua barabara, kwa kuwa barabara huonekana na watu wengi zaidi.

Pantoni ya Aravind ilikuwa muda wa daktari mpasuaji. Fedha zilikuwa haba, lakini zingeweza kukopwa au kuchumwa kidogo kidogo. Vitanda vingeweza kubadilishwa kwa mikeka, na kweli katika wodi za wasiolipa wagonjwa walilazwa kwenye mikeka iliyotandikwa sakafuni, kwa sababu mtu aliyetolewa mtoto wa jicho hana jeraha la kumzuia kulala chini. Msaidizi wa daktari angeweza kufundishwa kwa miaka miwili. Mpasuaji wa macho, kwa upande wake, hawezi kupatikana kwa haraka wala kwa bei nafuu: huhitaji miaka ya udaktari, miaka ya ubingwa, kisha miaka ya mkono kuzoea. Hata jimbo lote lingeamua siku moja kuongeza wapasuaji, matunda yangeonekana baada ya muongo mzima. Venkataswamy alichukua idadi ya madaktari aliokuwa nao kama ilivyo, kisha akajiuliza ni wagonjwa wangapi wanaweza kuona tena kwa madaktari hao hao.

Sasa tuingie thieta, maana ndani ya chumba hicho ndimo jibu lilimofanyiwa kazi, na mengi yanayosemwa kuhusu Aravind hupita haraka mno mlangoni pake. Katika mpangilio wa kawaida wa hospitali nyingi, daktari mmoja ana kitanda kimoja. Mgonjwa huingizwa, hulazwa, husafishwa jicho, hufunikwa kwa kitambaa chenye tundu, vifaa hufunguliwa, upasuaji hufanyika, jicho hufungwa, mgonjwa huinuliwa, kitanda hupanguswa, halafu mwingine huitwa. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: ikiwa sehemu inayohitaji mkono wa daktari ni dakika 8, na mengine yote yanachukua dakika 20, daktari atahudumia wagonjwa 2 kwa saa, na katika saa hiyo mikono yake itakuwa kazini kwa robo tu ya muda. Hakuna aliyezembea katika mpangilio huo. Nesi amehangaika, mhudumu amekimbia, daktari mwenyewe amechoka kwa kusimama, na bado robo tatu ya rasilimali adimu kuliko zote imemwagika.

Aravind waliweka vitanda viwili sambamba kwa kila daktari, na hadubini ya upasuaji katikati, imefungwa kwenye mkono unaozunguka. Daktari anapomaliza jicho la kitanda cha kwanza, huigeuza hadubini kuelekea kitanda cha pili, ambako mgonjwa amekwisha kulazwa, amepigwa ganzi, amesafishwa na kufunikwa, na vifaa viko wazi kwenye trei kando yake. Kufunga jicho, kumwinua mgonjwa na kumleta mwingine ni kazi ya wasaidizi, nayo huendelea nyuma ya mgongo wa daktari wakati yeye ameshaanza kwa mgonjwa wa pili. Msaidizi mmoja humkabidhi vifaa kwenye kitanda hiki, mwingine yuko tayari kwenye kitanda kile, wa tatu huleta na kuondoa trei, na wa nne huongoza wagonjwa. Seti za vifaa ni nyingi kuliko vitanda, ili pasiwe na wakati ambapo kitanda kiko tayari lakini trei iko ndani ya mashine ya mvuke. Kwa mpangilio huu daktari mzoefu hufikia upasuaji 6 hadi 8 kwa saa. Kwa mwaka mzima, wastani wa daktari wa Aravind umekuwa ukitajwa kuwa upasuaji 2,000 na zaidi, ilhali wastani wa mpasuaji wa macho nchini India ulitajwa kuwa 400 au chini ya hapo.

Ningependa msomaji atulie kidogo kwenye seti zile za ziada za vifaa na kwenye yule msaidizi aliyesimama kando ya kitanda cha pili akisubiri. Mhasibu akiingia mle na daftari lake ataona kasoro mbili mara moja. Ataona trei zilizotakaswa na kufungwa vizuri zikiwa rafuni bila kutumika, na ataona mtumishi anayelipwa akiwa amesimama. Kwa kipimo cha kawaida, cha kutaka kila mtu na kila kifaa kiwe na shughuli muda wote, huo ni ufujaji. Hapa ndipo mashirika mengi mazuri hukwama. Wasimamizi hupunguza msaidizi mmoja, hupunguza seti moja ya vifaa, na taarifa ya robo mwaka huonyesha kwamba gharama zimeshuka. Ambalo taarifa haionyeshi ni daktari aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Akiba iliyopatikana kwenye trei hulipwa kwa dakika za mpasuaji, na dakika hizo zina thamani ya macho ya watu. Aravind walikubali kwa makusudi kwamba vitu vingine vyote vikae tayari kumsubiri daktari, ili daktari asisubiri kitu chochote. Naamini huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote katika kisa hiki. Vitanda viwili hununuliwa kwa siku moja, lakini kumshawishi msimamizi akubali kuona mtumishi amesimama, na aelewe kwamba kusimama kwake ni sehemu ya kazi, ni jambo la miaka.

Wasaidizi hao wanastahili kuzungumziwa kwa heshima yao wenyewe. Wengi wao ni wasichana wa vijijini waliomaliza shule, wenye umri wa miaka 17 hadi 19 wanapoajiriwa, ambao hufundishwa kwa miaka miwili hospitalini hapo hapo na kisha kupangiwa kazi maalumu: kupima uwezo wa kuona, kupima presha ya jicho, kuandaa mgonjwa, kusaidia mezani, kushauri. Ndio wengi kuliko kundi lingine lolote la watumishi wa Aravind. Kila kazi ambayo haihitaji maarifa ya daktari iliondolewa mikononi mwa daktari na kukabidhiwa kwao, na kwa kuwa kila mmoja hurudia kazi ile ile mara nyingi kila siku, huifanya kwa ustadi ambao daktari mwenyewe asingekuwa nao. Mgonjwa anapofika mbele ya daktari, vipimo vyake vimekwisha kuandikwa, na kilichobaki ni uamuzi. Hata hivyo uzito wa mfumo huu unabebwa na mabega yao, na sioni sababu ya kulificha hilo. Siku ya kazi ni ndefu, kazi ni ya kujirudia, na ujira si wa kitajiri. Mchambuzi anayehesabu wagonjwa wanaohudumiwa na daktari mmoja na kuishia hapo atakuwa amewasahau watu wanne wanaofanya hesabu hiyo iwezekane.

Swali la haki ambalo kila mtu huuliza ni kama kasi haikuleta madhara. Mtu anayesikia kwamba jicho hupasuliwa kwa dakika chache huhisi kwamba kuna kitu kimerukwa. Matokeo ya Aravind yalipolinganishwa na yale ya uchunguzi wa kitaifa wa madaktari wa macho wa Uingereza, matatizo yatokanayo na upasuaji hayakuonekana kuwa mengi zaidi Aravind. Sababu haiko mbali. Mkono unaopasua macho 2,000 kwa mwaka umeona aina za matatizo ambazo mkono wa macho 200 utazikuta kwa nadra, na wasaidizi waliozoea mpangilio mmoja hawapapasi kutafuta kifaa. Tena kasi hiyo haikutokana na daktari kuharakisha kisu. Dakika ambazo jicho liko wazi chini ya hadubini ni zile zile. Zilizoondolewa ni zile alizokuwa amekaa.

Kufikia mwaka 1992 Aravind ilikuwa imepima wagonjwa milioni 3.65 na kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho wapatao 335,000, karibu asilimia 70 kati yao bila malipo. Fedha zilitoka kwa wale waliolipa. Mgonjwa aliyetaka chumba chake na kitanda chenye godoro alilipia, asiye na uwezo aliingia mlango wa bure bila kuulizwa hati ya umaskini, na madaktari walikuwa wale wale. Uhusiano wa jambo hili na kizuizi mara nyingi haufafanuliwi vya kutosha. Gharama kubwa za hospitali ya aina hii hazibadiliki sana kufuatana na idadi ya wagonjwa: mshahara wa daktari, jengo, hadubini, umeme. Daktari yule yule anapohudumia wagonjwa mara tano zaidi, gharama hizo hugawanywa kwa watu mara tano zaidi, na gharama ya kila jicho hushuka kiasi kwamba malipo ya mmoja huweza kubeba wengine. Huruma ya Venkataswamy haina shaka, lakini huruma peke yake isingelipa mishahara ya mwezi wa pili. Hospitali imeendesha shughuli zake za kila siku kwa mapato yake yenyewe kwa sababu pantoni haikukaa gatini.

Katika miaka hiyo hiyo, hata hivyo, kulikuwa na tofauti iliyowauma waliokuwa ndani. Mgonjwa aliyelipa alitolewa lenzi iliyoharibika na kuwekewa nyingine ya kutengenezwa, ndani ya jicho. Mgonjwa wa bure, kwa kawaida, alitolewa lenzi na kupewa miwani. Miwani hiyo ilikuwa na vioo vinene vilivyovimba katikati, mizito puani, yenye kukuza kila kitu na kupotosha umbali, hata mtu akinyoosha mkono kuchukua kikombe hukosea. Pembeni hakuona vizuri. Na ikivunjika shambani, alikuwa kipofu tena hadi apate nyingine. Kwa maneno mengine, hospitali ilikuwa imeshughulikia vema idadi ya watu wanaopita thieta, lakini kile walichotoka nacho wagonjwa wa bure kilikuwa pungufu, na ukomo wake ulikuwa mahali pengine kabisa.

Ukomo huo ulikuwa bei ya lenzi. Upandikizaji wa lenzi ndani ya jicho ulikuwa umefanywa kwa mara ya kwanza na Harold Ridley mjini London mwaka 1949, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa jambo la kawaida katika nchi tajiri, lakini lenzi moja iliyoagizwa kutoka nje iligharimu takriban dola 100, kiasi ambacho hakuna mfumo wa kugawana gharama ungeweza kukibeba kwa mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1992 Aravind walianzisha kiwanda chao, Aurolab, kwa msaada wa Mmarekani David Green aliyehangaikia upatikanaji wa teknolojia. Bei ilishuka hadi dola 10 hivi, na baadaye chini ya hapo. Lenzi za Aurolab zimefika katika nchi zaidi ya 100, na kuna uwezekano mkubwa kwamba wapo wazee wa Afrika Mashariki wanaoona leo kupitia kipande kidogo cha plastiki kilichotengenezwa Madurai. Nimelisimulia hili kwa ufupi, ingawa lingeweza kuwa kisa kamili, kwa sababu kinachonihusu hapa ni mwenendo wake: hospitali iliyokuwa imefanikiwa katika kizuizi cha kwanza haikuendelea kukipiga msasa kile kile wakati kingine kimeshika nafasi yake. Ilikwenda hadi kiwandani, shughuli isiyo ya hospitali hata kidogo, kwa kuwa huko ndiko kizuizi kilikokuwa kimehamia.

Kikahamia tena, safari hii nje ya milango. Thieta yenye uwezo mkubwa ni hasara ikiwa wagonjwa hawafiki, na wengi hawakufika. Aravind walikuwa wakiendesha kambi za macho vijijini tangu mwanzo, kwa kushirikiana na vyama vya kijamii kama Lions na Rotary, wafanyabiashara na shule, ambao walitangaza kambi na kugharimia maandalizi huku hospitali ikileta timu ya wataalamu. Watu walipimwa, wenye mtoto wa jicho wakaambiwa waende Madurai wakapasuliwe bure, nao wakashukuru, wakarudi makwao, na wengi wao hawakuonekana hospitalini. Walipoulizwa, walisema mambo ambayo mtu yeyote aliyekulia kijijini angeyatabiri: hawana nauli, hawana wa kumwachia mifugo, hawajui watakula nini mjini, wanaogopa, hawana wa kuwasindikiza. Upasuaji wa bure ulikuwa bado una bei, na bei hiyo ilikuwa juu kuliko mfuko wao.

Hospitali ikaanza kuwachukua kwa basi siku ile ile ya kambi, kuwalisha, kuwalaza, na kuwarudisha. Watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja, wakapasuliwa pamoja, wakarudi pamoja, kwa hiyo haja ya msindikizaji ikapungua na woga nao ukapungua. Washauri wa wagonjwa wakawekwa ili wazungumze na mtu kwa lugha yake kabla hajakata tamaa. Ukiitazama nauli hiyo kama sadaka, utaikata mwaka ambao bajeti imebana. Ukiitazama kama kitu kinachoifanya thieta isikae bure, utaikata mwisho kabisa.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu vijiji vya eneo lao uliwaonyesha kwamba kati ya watu wenye matatizo ya macho, ni asilimia 7 hivi tu waliokuwa wamehudhuria kambi. Kwa zaidi ya miaka 20 hospitali iliyosifiwa kote duniani kwa ufanisi wake ilikuwa ikiwafikia watu wachache kiasi hicho katika vijiji vya jirani. Nawaheshimu kwa jinsi walivyoipokea takwimu hiyo. Kuanzia mwaka 2004 walifungua vituo vidogo vya macho katika miji midogo na vijiji, kila kimoja kikiwa na fundi wa macho aliyefundishwa na Aravind na mawasiliano ya video na daktari aliyeko hospitali kuu. Katika eneo la Theni mawasiliano hayo yalijengwa kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliotumia mawimbi ya waifai ya masafa marefu. Mgonjwa huonana na daktari kwenye skrini bila kupanda basi, wengi humaliza shida yao pale pale kwa miwani au dawa, na daktari, ambaye bado ni rasilimali adimu kuliko zote, hatumii saa sita barabarani ili afanye kazi ya saa moja. Vituo hivyo sasa vimepita 100.

Si kila huduma inaweza kupangwa namna hii. Mtoto wa jicho ana sifa ambazo magonjwa mengi hayana: upasuaji wake hufanana kutoka mtu mmoja hadi mwingine, ni mfupi, hauna dharura, na unaweza kupangiwa tarehe. Wodi ya wazazi haiwezi kuwapanga akina mama kwa foleni ya vitanda viwili, na mtu akijaribu kufanya hivyo kwa kuiga atasababisha madhara. Kilichoweza kuhamishika kutoka Madurai ni mpangilio wa fikra, yaani kutafuta ni nini hasa kinachoamua idadi ya watu wanaopona, kukiondolea kila kazi isiyokuwa yake, kukubali vingine vikisubiri, na kuangalia tena baada ya muda kama bado ni chenyewe. Katika miaka ya 1990 Aravind walifungua taasisi ya mafunzo, LAICO, ambayo imefanya kazi na hospitali nyingi za Asia na Afrika kwa mtindo huo.

Hapa kwetu kizuizi cha wapasuaji kimeshughulikiwa kwa njia nyingine, ambayo naiona kuwa ya busara. Tanzania imewafundisha madaktari wasaidizi kutoa mtoto wa jicho, na Kenya imefanya hivyo kwa maofisa wa kliniki, bila kusubiri idadi ya madaktari bingwa ikue. Kufanya hivyo ni kuongeza pantoni ya pili. Wasiwasi wangu uko kwenye utaratibu wa mambo. Mpasuaji mpya akipelekwa katika hospitali yenye seti mbili za vifaa, nesi mmoja wa thieta na mashine moja ya mvuke, atakuta kiti cha pili cha plastiki kinamngoja, kwa sababu pale kizuizi kilikuwa trei tangu mwanzo. Seti nne za ziada za vifaa vya upasuaji wa macho zina gharama, lakini haziwezi kulinganishwa na gharama ya kumsomesha mpasuaji mmoja, na hufika kwa muda mfupi zaidi kuliko yeye. Kabla ya kuomba daktari mwingine, ningependa kila hospitali ya wilaya ikae siku moja na saa ya ukutani, iandike dakika ambazo daktari iliye naye alikuwa na kisu mkononi, na iandike pia, kwa kila dakika nyingine, alikuwa akisubiri nini.

Juma lililofuata tulirudi, na shangazi alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikaa ndani kwa muda usiofika nusu saa. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa alitazama ukutani, kisha dirishani, kisha akaniomba nisogee, akaanza kuhesabu vifungo vya shati langu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Siku ile ya upasuaji orodha iliyobandikwa mlangoni mwa thieta ilikuwa na majina 9: sita mapya na matatu yetu tuliorudishwa. Waliofanyiwa walikuwa 5.